Jua Linalala Kabla ya Bibi: Historia ya Umeme wa Sola Kutoka Angani

Krismasi nilikuwa Muleba kwa bibi. Wanaotoka Kagera mnajua, Desemba ikifika kila mtu anarudi nyumbani, hata yule ambaye mwaka mzima hapigi simu. Juu ya bati la bibi kuna paneli moja ya sola. Si kubwa, mjomba alimnunulia. Inawasha taa tatu, inachaji simu, na redio haizimiki mchana kutwa.

Jioni ya pili nikamsifia. Nikamwambia, "Bibi, siku hizi una umeme wako mwenyewe, huna deni na mtu." Akacheka. "Mjukuu wangu, jua lenyewe ni zuri. Ila linalala kabla yangu."

Betri yake imechoka. Ikifika saa mbili na nusu usiku taa zinaanza kufifia, na saa tatu anawasha koroboi kama zamani.

Nimerudi Dar na maneno ya bibi kichwani, kwa sababu kuna habari moja ambayo sisi waandishi huletewa kila baada ya muda. Kichwa chake ni kile kile: wanasayansi kuleta umeme wa jua kutoka angani, huko ambako hakuna usiku. Leo ni Wajapani, kesho ni Wamarekani, keshokutwa Wachina. Mimi mwenyewe nimeshaiandika mara moja. Aya nne, picha ya kuchora, na mwisho nikaweka mwaka ambao mambo yatakuwa tayari. Sikuuliza swali hata moja.

Safari hii nimeamua kurudi nyuma niisome kuanzia mwanzo. Nilichokikuta ni kwamba habari hii si mpya hata kidogo, ina zaidi ya miaka 50. Halafu lile swali tunalolipenda, "hivi kweli inawezekana?", lilishajibiwa mwaka 1975. Kilichoikwamisha ni kitu kingine kabisa.

Haya, tuanze mwanzo.

Bwana Glaser na wazo lake

Peter Glaser alizaliwa Czechoslovakia mwaka 1923, baadaye akahamia Marekani akawa mhandisi kwenye kampuni ya ushauri ya Arthur D. Little, huko Cambridge, Massachusetts. Novemba 1968 jarida la Science likachapisha makala yake. Ukiondoa hesabu zote, makala ile ilisema alichosema bibi: jua ni zuri, tatizo linalala. Tena lina mawingu, lina mvua, na asubuhi na jioni linakuwa dhaifu.

Dawa yake ilikuwa kulifuata lilipo. Juu ya Ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000, setilaiti inazunguka kwa mwendo ule ule ambao dunia inajizungusha, kwa hiyo kwetu huku chini inaonekana kama imesimama mahali pamoja. Ndiko ziliko setilaiti ambazo madishi yetu ya TV yanaziangalia. Huko juu kila mita moja ya mraba inapigwa na jua la wati kama 1,360, mchana na usiku. Kivuli cha dunia huifikia setilaiti kwa vipindi vifupi tu karibu na Machi na Septemba, na hata siku iliyo mbaya kuliko zote hakizidi dakika 72 hivi.

Glaser alitaka kuweka huko juu paneli za sola nyingi sana, umeme wake ugeuzwe kuwa mawimbi ya maikrowevu, mawimbi yatumwe chini, na huku chini uwanja mkubwa wa antena uyapokee na kuyageuza tena kuwa umeme. Hakuna waya.

Kwa haki kabisa, si yeye wa kwanza kuota hivyo. Nikola Tesla alijenga mnara wake wa Wardenclyffe, New York, kuanzia 1901, akiwa na nia ya kusafirisha umeme bila waya. Fedha zikaisha, mnara ukabomolewa 1917. Mwaka 1941 Isaac Asimov aliandika hadithi fupi, "Reason", yenye kituo cha angani kinachotuma nishati ya jua kwenye sayari kwa miale. Tofauti ya Glaser ni kwamba kila kifaa alichokitaja kilikuwa kimeshatengenezwa na mtu. Seli ya sola ya silikoni ilionyeshwa hadharani na maabara ya Bell mwaka 1954, ikigeuza kama asilimia 6 ya jua kuwa umeme. Machi 1958 setilaiti ndogo ya Vanguard 1 ikawa ya kwanza kutumia seli hizo angani. Na mwaka 1964 mhandisi wa kampuni ya Raytheon, William Brown, alirusha helikopta ndogo isiyo na mafuta wala betri, ikipata nguvu yake yote kwa maikrowevu kutoka chini. Runinga ya Marekani ikaionyesha.

Kifaa cha Brown kilichopokea mawimbi na kuyageuza umeme kinaitwa rektena. Likumbuke hilo jina, tutalirudia.

Taa za Goldstone

Mwaka 1975, kwenye jangwa la Goldstone, California, Brown na wenzake wa maabara ya JPL walichukua dishi kubwa lililojengwa kwa mawasiliano ya vyombo vya angani, wakalielekeza kwenye rektena iliyowekwa juu ya mnara umbali wa kama kilomita moja na nusu. Wakawasha. Upande wa pili ukatoka umeme wa zaidi ya kilowati 30, na taa zilizofungwa pale zikawaka. Katika nguvu yote iliyoigusa rektena, zaidi ya asilimia 80 iligeuka kuwa umeme.

Kilowati 30 bila waya! Zinatosha nyumba nyingi tu za mtaa wa bibi. Ndiyo maana nasema swali la kuwezekana lilikwisha siku ile. Anayekuambia leo kwamba sayansi ya jambo hili bado ni kitendawili, mwonyeshe Goldstone.

Basi kwa nini hakuna?

Kibaba kizima au hakuna

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao kwenda Marekani na kwa washirika wake, na kufikia mapema 1974 bei ya pipa ilikuwa imepanda karibu mara nne. Tanzania na Kenya tuliumia pia, wazee wetu wanakumbuka. Huko Marekani, ghafla watu wenye mawazo ya ajabu kuhusu nishati wakaanza kusikilizwa. Glaser alipewa hataza ya uvumbuzi wake tarehe 25 Desemba 1973, katikati ya kizaazaa hicho.

Kuanzia 1977 Wizara ya Nishati ya Marekani na NASA zikafanya uchunguzi wa kina, uliogharimu kama dola milioni 20. Wakachora setilaiti ya mfano ili kila mtu afanye hesabu kwa kitu kimoja. Sikilizeni ukubwa wake: urefu kilomita 10, upana kilomita 5. Yaani ichukue Posta mpaka Ubungo hivi, halafu uipe upana wa nusu ya hapo, uitandaze angani. Antena yake ya kutumia mawimbi ilikuwa na kipenyo cha kilomita moja. Uwanja wa rektena chini ulikuwa kilomita 10 kwa 13. Setilaiti moja ingetoa megawati 5,000, zaidi ya mara mbili ya bwawa letu la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Na walipanga setilaiti 60.

Uzito wa kila moja ulikuwa makumi ya maelfu ya tani. Kwa kulinganisha, Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho mataifa makubwa yalianza kukijenga 1998 na kazi kubwa ikamalizika 2011, kina tani kama 420 tu. Tena kiko chini sana, kilomita 400 hivi.

Utauliza, kwa nini wasianze na ndogo? Hapa ndipo nilipoelewa tatizo lenyewe. Washa tochi ukutani, halafu rudi nyuma hatua kumi. Duara la mwanga linapanuka. Mawimbi nayo hupanuka vivyo hivyo kadiri yanavyosafiri, na kadiri antena inayoyatuma ilivyo ndogo ndivyo yanavyotawanyika zaidi. Mawimbi waliyoyachagua yana urefu wa sentimita 12. Kutoka kilomita 36,000, hata ukiyatuma kwa antena ya kilomita nzima, yakifika chini yamesambaa kwenye duara la kama kilomita 10. Ukitumia antena ya mita 100, duara linakuwa la kilomita 100, na umeme uliomo hauwashi hata redio ya bibi. Ni maumbile, hakuna kampuni inayoweza kujadiliana nayo.

Mjomba alianza na paneli moja. Akipata hela ataongeza ya pili. Haba na haba hujaza kibaba. Setilaiti ya Glaser haina haba na haba. Ni kibaba kizima au hakuna, na kibaba chenyewe ni mabilioni mengi ya dola kabla taa ya kwanza haijawaka.

Swali jingine ambalo kila ninayemsimulia ananiuliza: si tutaungua? Hesabu zao zilikuwa wati 230 kwa mita ya mraba katikati ya uwanja, kama robo ya jua la saa sita mchana, na wati 10 pembeni ya uwanja. Hizo 10 ndizo kiwango cha juu ambacho miongozo ya kimataifa ya leo inaruhusu kwa watu wa kawaida. Kwa hiyo hapana, usingegeuka mkaa, lakini katikati pale ni zaidi ya mara 20 ya kiwango hicho, ndiyo maana uwanja ungezungushiwa uzio. Isitoshe, mawimbi yangekusanywa pamoja kwa msaada wa ishara inayotumwa juu kutoka kwenye rektena yenyewe. Ishara ikikatika, mawimbi yanatawanyika na kupoteza nguvu. Wale wanaoogopa silaha ya kuchoma miji hawana sababu kubwa katika mchoro ule. Wanaoogopa ardhi ya kilomita 130 za eneo itatoka wapi, hao wana hoja.

Mwaka 1981 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani liliipitia kazi yote, likashauri serikali isitoe fedha za kuujenga mfumo huo katika muongo uliofuata. Serikali ikafunga faili. Katikati ya miaka ya 1980 bei ya mafuta ikaporomoka, na waliokuwa wakimsikiliza Glaser wakarudi kwenye mambo yao.

Wajapani wanakuja Ikweta

Japani haina mafuta, ndiyo maana wao hawakuacha. Mwaka 1983 walirusha roketi ya utafiti na kujaribu kutuma maikrowevu yenye nguvu kati ya vyombo viwili angani. Halafu, kwenye miaka ya 1990, taasisi yao ya sayansi ya anga, ISAS, chini ya Profesa Makoto Nagatomo, ikaja na mpango ambao ndio ulionifanya nikae chini niandike haya yote. Ukaitwa SPS 2000.

Nagatomo na wenzake walilikabili lile tatizo la kibaba. Wakasema, kama umbali ndio unaolazimisha ukubwa, tushuke chini. Setilaiti yao ingezunguka kwenye kimo cha kilomita 1,100 tu, ikifuata mstari wa Ikweta, na ingetoa megawati 10. Kwa Tokyo hizo si kitu, lakini kijijini ni utajiri. Kwa kuwa ingekuwa inapita juu ya Ikweta tu, watu pekee ambao wangeweza kuutumia umeme wake ni walio karibu na mstari huo, si zaidi ya nyuzi 3 hivi kaskazini au kusini.

Fungua ramani. Nanyuki na Kisumu zimo. Kampala imo. Bukoba na Mwanza zimo. Muleba kwa bibi imo, chini kidogo ya nyuzi 2 kusini. Watafiti wa mpango huo walitembelea nchi kadhaa za Ikweta kuzungumzia rektena zingewekwa wapi, na Tanzania ilikuwa mojawapo.

Nilipofika hapo nikaacha kusoma kwanza. Yaani miaka ile mimi nacheza kombolela bila viatu, kuna profesa Tokyo alikuwa anapiga hesabu za umeme wa angani ambao ungepita juu ya paa la bibi yangu.

Lakini angalia masharti yake. Setilaiti iliyo chini haisimami mahali pamoja, inapita. Kila kijiji kingepata umeme kwa dakika chache, kisha kusubiri karibu saa mbili mpaka izunguke tena. Katikati ya hapo unahitaji nini? Betri. Tumezunguka kilomita 1,100 kwenda juu na tumerudi kwenye betri ya bibi.

Kuna jambo jingine, na hili watu wa Kagera hatuhitaji kuelezwa. Mkoa wetu kwa miaka mingi ulipata umeme wake kutoka Uganda. Swichi ikizimwa upande wa pili wa mpaka, sisi giza. Hatukuwa na ugomvi na Waganda, walituuzia walichokuwa nacho. Ila ukishaishi hivyo, unapomsikia mtu anasema umeme utatoka angani, swali lako la kwanza haliwi la fizikia. Unauliza swichi iko kwa nani. Ingekuwa Tokyo. Nasi tungekuwa wateja wa majaribio, waliochaguliwa kwa sababu ya latitudo yao.

Mwaka 2000 ulifika, SPS 2000 ikabaki kwenye karatasi. Wajapani wameendelea na majaribio ya chini. Mwaka 2015 kampuni ya Mitsubishi Heavy Industries ilituma kilowati 10 umbali wa mita 500. Ni zaidi ya kile ambacho watu wengi wamewahi kukiona, lakini ni kidogo kuliko Goldstone, miaka 40 baadaye.

Paa limeshinda

Sasa tufike kwenye kiini.

Hoja ya watetezi siku zote imekuwa hivi: subirini. Paneli zitashuka bei, roketi zitashuka bei, na setilaiti itajilipa. Na kweli vyote vimeshuka! Katikati ya miaka ya 1970 paneli ya kuzalisha wati moja iligharimu zaidi ya dola 100, ukihesabu kwa thamani ya dola za miaka hii. Kufikia 2019 ilikuwa chini ya senti 50. Kupeleka kilo moja angani kwa Space Shuttle kuligharimu makumi ya maelfu ya dola. Kwa Falcon 9 ni dola elfu chache.

Lakini fikiria. Paneli ikishuka bei, inashuka kwa nani? Kwa setilaiti, ndiyo, na kwa mjomba pia. Tofauti ni kwamba mjomba haihitaji roketi, haihitaji antena ya kilomita moja, wala uwanja wa rektena. Anahitaji ngazi na fundi. Kila uvumbuzi unaoirahisisha sola ya angani unairahisisha zaidi sola ya juu ya bati. Glaser amekuwa akikimbizana na kivuli chake mwenyewe.

Tupige hesabu ndogo. Mita moja ya mraba angani inapokea nishati ya kama kilowati-saa 32 kwa siku. Mita moja ya mraba huku Tanzania inapokea kati ya 4 na 7, tuseme 5. Angani ni zaidi ya mara sita, inavutia. Ila kuna kugeuza umeme kuwa mawimbi, kusafirisha, kupokea, na kugeuza tena. Kila hatua inakula chake. Tuseme nusu inapotea njiani. Inabaki faida ya kama mara tatu. Yaani faida yote ya safari ya kilomita 36,000, kwetu sisi watu wa jua kali, ni sawa na kuongeza paneli mbili kando ya ile moja ya bibi.

Uingereza, ambako Januari jua wanalisikia kwenye redio, hesabu ni nyingine, na ndiyo maana hamu kubwa iko kwa watu wa kaskazini. Mwaka 2022 Shirika la Anga la Ulaya lilianzisha mpango wa utafiti uitwao SOLARIS. Jeshi la Marekani nalo lilikuwa na sababu zake: ripoti ya Pentagon ya 2007 iliona umeme wa angani kama njia ya kuzilisha kambi za mbali, ambako kila lita ya mafuta inafika kwa msafara unaoweza kushambuliwa. Kwa watu kama hao bei kubwa inaweza kuvumilika.

Wapo waliojaribu biashara ya kawaida. Mwaka 2009 kampuni ya umeme ya California, PG&E, ilikubaliana kununua megawati 200 kutoka kampuni changa ya Solaren, umeme uanze kushuka kutoka angani mwaka 2016. Magazeti yote yaliandika. Mwaka 2016 ukapita, hakikushuka kitu. Waliorudi kuandika kwamba hakikushuka ni wachache sana, na hapo najihesabu na mimi katika wenye makosa.

Sisemi wahandisi wamelala. Januari 2023 chuo cha Caltech kilirusha chombo cha majaribio, na mwaka huo huo kikafanikiwa kutuma nguvu kwa maikrowevu kikiwa angani, na ishara yake ikanaswa juu ya paa la jengo chuoni hapo. Ilikuwa kidogo mno kuwa umeme wa kutumia, lakini ilitoka angani kweli. China, Chuo Kikuu cha Xidian kimejenga mnara wa mita 75 wa kujaribia mfumo mzima hapa chini, nao walitangaza mafanikio 2022. Ni kazi nzuri, na vijana wanaoifanya ni wa rika letu.

Januari 2024 NASA wenyewe wakatoa ripoti. Walichukua michoro miwili ya setilaiti, wakafanya kana kwamba zinajengwa kufikia 2050, wakalinganisha na sola na upepo wa hapa duniani. Umeme wa angani ukatoka ghali mara 12 mpaka 80. Watetezi wakalalamika kwamba makisio yalikuwa makali mno, na ripoti yenyewe ilikiri kwamba gharama za kurusha na kutengeneza zikishuka sana, mambo yanaweza kubadilika. Sawa. Lakini hata ukikata makisio hayo vipande vitatu, bado ngazi na fundi wako mbele.

Kilichobaki ni usiku

Nataka niwe mkweli. Kuna jambo moja ambalo setilaiti inalo na paa halina, nalo ndilo lile la bibi. Usiku. Umeme wa angani hauna saa tatu usiku.

Kwa hiyo mshindani halisi wa setilaiti ya Glaser ni betri. Kama betri zingebaki ghali na nzito kama zilivyokuwa mwaka 1968, ningekuwa nawaandikia habari nyingine leo. Ila tangu 2010 bei ya betri za lithiamu imeshuka kwa karibu asilimia 90, na zenyewe zina haba na haba: unanunua moja, kesho unaongeza. Mlango wa mwisho uliokuwa wazi kwa ndoto ile unafungwa taratibu na kiboksi kinachokaa chini ya meza.

Glaser alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 90. Hakuona setilaiti yake. Lakini kuna kitu kingine alichokisimamia: vioo maalumu ambavyo Apollo 11 iliviacha mwezini Julai 1969, vya kurudisha mwanga wa leza duniani ili umbali wa mwezi upimwe. Vioo hivyo bado vinafanya kazi. Wazo lake dogo limefika mwezini, kubwa halijatoka ardhini. Simcheki hata kidogo. Alipoandika makala ile seli za sola zilikuwa vito vya angani, hakuna aliyefikiri zitauzwa Kariakoo pembeni ya masufuria. Aliona mapema kwamba jua litatutosha. Alikosea tu mahali pa kulipokelea.

Na mimi nimejifunza la kazini. Habari hii itarudi, nina uhakika, pengine kabla mwaka haujaisha. Ikija mezani kwangu nitauliza maswali matatu kabla sijaandika neno: kilowati-saa moja ni shilingi ngapi, kianzio kidogo kabisa ni kikubwa kiasi gani, na swichi iko kwa nani. Wakinijibu vizuri nitakuwa wa kwanza kushangilia.

Kwa sasa nimempigia mjomba. Tumechangishana na binamu zangu wawili, betri mpya inaondoka na basi Ijumaa. Bibi ameshaambiwa. Ameuliza kama itafika mpaka taarifa ya habari ya saa nne usiku. Nimemwambia itafika, na chenji itabaki.

Naomba kuwasilisha.